Hatua za Ukuaji wa Kisaikolojia na Kijamii Katika Maisha ya Binadamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukuaji wa kisaikolojia na kijamii maana yake ni nini?

Ni mabadiliko yanayotokea katika namna mtu anavyojiona, anavyohisi na anavyohusiana na wenzake, tangu anapozaliwa hadi anapokufa. Ukuaji wa mwili huonekana kwa macho: meno huota, kimo huongezeka, sauti ya mvulana huwa nzito, mvi hutokea. Ukuaji wa nafsi haujitangazi hivyo. Tunautambua kwa matendo, kama vile mtoto anayeweza kucheza peke yake kwa sababu ana hakika kwamba mama yuko chumba cha pili, au mzee anayesimulia makosa yake ya ujanani bila kujitetea. Maneno hayo mawili, kisaikolojia na kijamii, huenda pamoja kwa sababu nafsi haikui upwekeni. Kila badiliko la ndani hutokea mbele ya mtu mwingine, awe mlezi, mwalimu, rafiki au mwenzi wa ndoa.

Ni nani aliyeyagawa maisha katika hatua hizi?

Wengi wamejaribu, lakini mgawanyo unaofundishwa zaidi ni wa mwanasaikolojia Erik Erikson. Alizaliwa mwaka 1902 huko Frankfurt, Ujerumani, na hakumfahamu kamwe baba yake mzazi. Alilelewa na baba wa kambo aliyekuwa daktari wa watoto, akatumia jina la baba huyo, kisha alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 akajichagulia jina la Erikson. Nalitaja hilo kwa sababu mtu huyo ndiye baadaye aliyelifanya swali la “mimi ni nani?” kuwa kiini cha ujana, na ni vigumu kuamini kwamba maisha yake hayakuchangia.

Alijifunza uchanganuzi wa nafsi mjini Vienna chini ya Anna Freud, binti wa Sigmund Freud aliyeiasisi taaluma hiyo, akahamia Marekani mwaka 1933, na huko akafanya utafiti pia miongoni mwa wenyeji wa asili wa nchi hiyo, Wasioux wa South Dakota na Wayurok wa California. Sigmund Freud alikuwa amefundisha kwamba tabia ya mtu hujengwa zaidi katika miaka michache ya mwanzo, na kwamba msukumo mkuu ni ashiki za mwili. Erikson hakuyakana yote hayo, ila katika kitabu chake cha mwaka 1950 aliongeza mambo mawili makubwa: kwamba jamii hushiriki katika kumjenga mtu, na kwamba ujenzi huo hauishi utotoni bali huendelea hadi uzeeni.

Hatua zenyewe ni zipi?

Erikson alitaja nane, na kila moja aliieleza kwa mvutano wa pande mbili. Katika mwaka wa kwanza hivi wa maisha, mtoto huvutwa kati ya kuamini na kutoamini. Kuanzia hapo hadi kama miaka mitatu, ni kati ya kujitegemea kwa upande mmoja na aibu na mashaka kwa upande mwingine. Kutoka miaka mitatu hadi kukaribia kuanza shule, ni kati ya uthubutu na hatia. Miaka ya shule ya msingi, takriban kutoka sita hadi kumi na miwili, huwa na mvutano kati ya bidii na kujiona duni. Balehe na ujana huja na mvutano kati ya utambulisho na kuchanganyikiwa kuhusu nafasi ya mtu katika jamii. Mwanzo wa utu uzima huleta ule wa ukaribu na utengano, utu uzima wa kati ule wa kulea kizazi kinachofuata na kudumaa, na uzee ule wa ukamilifu wa nafsi na kukata tamaa.

Kwa kila hatua alitaja pia nguvu inayobaki moyoni mvutano unapotatuliwa vyema. Nguvu hizo, kwa mfuatano uleule, ni matumaini, utashi, kusudi, umahiri, uaminifu, upendo, ulezi na hekima. Umri uliotajwa ni wa kukadiria tu, na hakuna haja ya mzazi kuingiwa na hofu mtoto anapotangulia au anapochelewa kwa miezi kadhaa.

Je, lengo ni kupata upande mzuri wote na kuukwepa upande mbaya kabisa?

Hapana, na hili ndilo jambo linaloeleweka vibaya kuliko yote katika nadharia hii. Vitabu vingi vya kufundishia huzipanga hatua kama mitihani minane ambayo mtu hufaulu au hufeli, ilhali Erikson mwenyewe alizungumzia uwiano. Mtoto anayemwamini kila mtu bila kubagua yuko hatarini kama yule asiyemwamini yeyote. Anayejua aibu kidogo hujifunza mipaka, na anayehisi hatia baada ya kumuumiza mwenzake ana mwanzo wa dhamiri. Kinachotafutwa ni kwamba upande unaojenga uwe mzito kuliko unaobomoa, huku ule wa pili ukibaki na kazi yake.

Kwa hiyo ninapoulizwa ikiwa mtoto fulani “amevuka” hatua fulani, huona ni afadhali kuuliza mizani yake imeelekea wapi kwa sasa, na ni nani aliye karibu naye wa kuisaidia ielekee vizuri zaidi.

Nikimbeba mtoto mchanga kila anapolia, sitamdekeza?

Katika miezi ya mwanzo, hapana. Mtoto mchanga halii kwa hila. Hana uwezo huo. Kilio ndiyo lugha pekee aliyo nayo ya kusema kwamba ana njaa, ana maumivu, au hajui mlezi wake yuko wapi. Anapojibiwa mara kwa mara, kwa namna inayofanana na ya jana na juzi, hujifunza jambo ambalo hakuna atakayeweza kumfundisha kwa maneno: kwamba dunia ina mpangilio na kwamba yeye ana thamani ndani yake.

John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, ndiye aliyejenga hoja kwamba kushikamana na mlezi ni hitaji la msingi la mtoto kama chakula kilivyo. Mwenzake Mary Ainsworth aliichunguza hoja hiyo kwa kukaa na mama na watoto majumbani mwao, kwanza nchini Uganda miaka ya 1950 na baadaye mjini Baltimore, Marekani. Mwaka 1972 yeye na Silvia Bell walichapisha matokeo ya Baltimore yaliyoonyesha kwamba watoto ambao mama zao waliwajibu upesi katika miezi ya mwanzo walilia kwa kiasi kidogo kuliko wengine mwaka wa kwanza ulipokaribia kwisha. Watafiti wa baadaye walibishana nao kuhusu ukubwa wa tofauti hiyo, lakini jambo la msingi limedumu: mlezi anayeitikia hamharibu mtoto mchanga.

Ni lazima niongeze neno kwa mlezi aliyechoka. Hakuna anayeitikia kila mara, wala haihitajiki hivyo. Kinachomjengea mtoto imani ni mazoea ya jumla, pamoja na kurudi kwa mlezi baada ya kuteleza. Siku moja mbaya haifuti miezi ya malezi mema.

Mtoto wangu wa miaka miwili hukataa kila kitu. Ni utukutu?

Mara nyingi ni ukuaji. Mtoto huyo amegundua kwamba ana utashi wake, tofauti na wa mlezi, na neno “sitaki” ndicho chombo cha kwanza cha kuupimia. Anataka kuvaa kiatu mwenyewe hata kama atakivaa kinyume. Mpe nafasi ya kuchagua kati ya mambo mawili ambayo yote unayakubali, na usimwaibishe mbele za watu anapojikojolea au kumwaga kitu. Mipaka ya usalama ibaki palepale bila mjadala.

Kwa nini mtoto wa shule anajali sana kuwa anaweza au hawezi?

Kwa sababu kwa mara ya kwanza anapimwa na watu wasiompenda kwa asili. Nyumbani alisifiwa kwa kuwa yeye ni yeye. Shuleni anasifiwa kwa alichofanya, tena akilinganishwa na wenzake. Mtoto anayeshindwa kusoma kwa sababu herufi zinamchanganya anaweza kuhitimisha kwamba yeye ni mjinga, na hitimisho hilo likikita mizizi huwa gumu kung’oa kuliko tatizo lenyewe la kusoma. Dawa yake si sifa tupu, maana watoto huzitambua haraka. Ni kumtafutia kazi halisi anayoiweza, iwe kuchora, kushona, kukimbia au kutunza mnyama, na kuithamini kazi hiyo kwa dhati, huku akisaidiwa pale anapokwama.

Kijana wangu amebadilika ghafla. Leo anataka hili, kesho lile. Je, amepotea?

Swali hili huulizwa kwa uchungu mwingi, nami naomba nilijibu kwa kirefu.

Shirika la Afya Duniani huhesabu kipindi cha balehe na ujana wa mwanzo kuwa kati ya miaka 10 na 19. Katika kipindi hicho mwili hubadilika kwa kasi, na ubongo nao uko katika ukarabati: sehemu ya mbele, inayosimamia kupanga, kujizuia na kupima matokeo, hukomaa mwisho, katikati ya miaka ya ishirini. Wakati huohuo jamii huanza kumuuliza kijana atakuwa nani. Anaulizwa swali la mtu mzima akiwa bado hana vyombo vyote vya kulijibu.

Erikson aliona kwamba jamii nyingi humpa kijana muhula wa kusubiri, yaani kipindi ambacho anaruhusiwa kujaribu nafasi mbalimbali bila kufungwa nazo moja kwa moja. Mtafiti James Marcia aliliendeleza wazo hilo mwaka 1966 kwa kuuliza mambo mawili: je, kijana ametafuta, na je, ameamua? Kutokana na majibu alipata hali nne. Wapo waliotafuta wakaamua, na hao utambulisho wao umesimama. Wapo walio katikati ya kutafuta, hawajaamua bado. Wapo walioamua bila kutafuta, kwa kupokea mpango uliotengenezwa na wazazi au wakubwa wao. Na wapo ambao hawajatafuta wala hawajaamua, wakaelea tu.

Tazama sasa kijana anayebadilika kila wiki. Kwa mzazi, yeye ndiye anayetisha, na dada yake aliyekubali kila alichopangiwa ndiye anayetuliza moyo. Kwa mtazamo wa Marcia, yule wa kwanza huenda yuko katikati ya kazi yenyewe, na yule wa pili huenda kazi hiyo imeahirishwa tu, ije kumdai akiwa na miaka thelathini na watoto wawili. Sisemi kwamba kupokea njia ya wazazi ni kosa. Wengi huipokea, huichunguza, kisha huifanya iwe yao kwelikweli. Ninachosema ni kwamba kutafuta si kupotea. Cha kuogopa zaidi ni kijana aliyeacha kutafuta, asiyejali chochote wala kuongea na mtu.

Mzazi afanye nini? Asiyumbe pamoja naye. Kijana anahitaji kitu kilichosimama ili apate cha kukisukuma na cha kukirudia. Jadili naye hoja zake, hata zile zinazokukera, na yale ya hatari kwa uhai na afya yake yakemee waziwazi.

Mtu huwa mtu mzima lini hasa?

Sheria za nchi hutaja umri, lakini nafsi haina tarehe. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipendekeza kwamba miaka kati ya 18 na 25 hivi ihesabiwe kuwa kipindi cha pekee, cha kuuchipukia utu uzima, hasa pale ambapo masomo yamerefuka na ndoa na ajira zimesogea mbele. Wapo wanaompinga wakisema kwamba hali hiyo ni ya wenye uwezo tu, kwa kuwa aliyeanza kazi ngumu akiwa na miaka kumi na mitano hakupewa muda wa kuchipukia. Naona pingamizi hilo lina uzito.

Kwa upande wa Erikson, kazi kuu ya mwanzo wa utu uzima ni ukaribu, yaani kuweza kumfungulia mtu mwingine moyo bila hofu ya kujipoteza ndani yake. Ndiyo maana aliuweka baada ya utambulisho. Asiyejua yeye ni nani huweza kumtumia mpenzi kama kioo cha kujitafutia, na mpenzi huyo atachoka.

Je, kila mtu hupatwa na misukosuko anapofika katikati ya maisha?

Hapana. Mwanasaikolojia Elliott Jaques aliupa umaarufu mtazamo huo katika makala ya mwaka 1965, na Daniel Levinson akauimarisha mwaka 1978 kwa utafiti uliohusu wanaume arobaini tu. Tafiti pana zaidi za baadaye zimeonyesha kwamba wanaopitia misukosuko ya aina hiyo ni wachache, na mara nyingi chanzo huwa tukio, kama vile msiba, talaka au kupoteza kazi, wala si umri wenyewe.

Nisipozaa watoto, nitadumaa katika hatua ya saba?

La, hasha. Kulea kizazi kinachofuata ni pana kuliko kuzaa. Fundi anayemfundisha mwanagenzi, mwalimu, shangazi, mwandishi, anayepanda mti ambao kivuli chake hatakikalia, wote wako katika kazi hiyo. Kinyume chake, yupo mzazi wa watoto wengi ambaye nguvu zake zote zinaishia kwake mwenyewe. Watu wasio na watoto wameumizwa mno na maelezo finyu ya hatua hii, na inafaa maelezo hayo yaachwe.

Uzee ni kupungua tu, au kuna kukua pia?

Kuna kukua. Mwaka 1963 daktari Robert Butler wa Marekani aliandika kwamba mzee anayerudia kusimulia ya zamani hafanyi hivyo kwa kuchanganyikiwa. Anayapitia maisha yake upya ili ayapatanishe. Kabla ya hapo, wengi waliwakatiza wazee kwa kudhani kwamba masimulizi hayo ni dalili ya akili kuchakaa. Anayeketi na kumsikiliza bibi akisimulia kisa kilekile kwa mara ya tano anashiriki katika kazi muhimu ya nafsi yake, na pengine akisikiliza vizuri atagundua kwamba kisa hakikufanana kabisa na cha mara ya nne.

Mwanasaikolojia Laura Carstensen ameonyesha jambo jingine: watu wanapohisi kwamba muda uliobaki ni mfupi, hupunguza marafiki wa juujuu na kuwashikilia wa moyoni, na wengi huwa na utulivu wa hisia kuliko walivyokuwa ujanani. Lakini tusipambe. Joan Erikson, mke wa Erik na mshirika wake wa kazi, baada ya mumewe kufariki mwaka 1994 aliongeza hatua ya tisa, kwa ajili ya wenye umri wa miaka themanini na tisini. Alieleza kwamba katika umri huo mivutano yote ya nyuma hurudi: mwili usiotegemeka huamsha kutoamini, na kuhitaji msaada wa kuoga huamsha aibu ileile ya mtoto wa miaka miwili. Ninaiona kuwa sehemu ya kweli kuliko zote katika nadharia nzima, kwa sababu iliandikwa na aliyekuwa akiishi humo.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Aliyekosa malezi mema utotoni ana nafasi tena?

Methali hiyo ina ukweli wake. Nchini Romania, mradi ulioanza mwaka 2000 mjini Bucharest uliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika vituo vya mayatima na watoto walioachwa. Baadhi yao walihamishiwa kwa familia zilizokubali kuwalea. Waliohamishwa kabla ya kutimiza takriban miaka miwili walipiga hatua kubwa zaidi katika kushikamana na walezi na katika ukuaji wa akili kuliko waliochelewa. Wakati una maana, na anayesema kwamba watoto husahau tu anakosea sana.

Hata hivyo binadamu si samaki. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, watafiti Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi utu uzima. Karibu theluthi yao walizaliwa katika mazingira ya hatari nyingi kwa pamoja, kama vile umaskini, magomvi ya nyumbani na wazazi wagonjwa au walevi. Theluthi moja ya hao walio hatarini walikua wakawa watu wazima mahiri, wenye upendo na wanaojiamini. Jambo moja lililojirudia katika maisha yao ni kuwepo kwa angalau mtu mzima mmoja, si lazima awe mzazi, aliyewakubali na kusimama nao. Na hata miongoni mwa waliopotoka ujanani, wengi walijirekebisha baadaye, kwa kupata ndoa njema, elimu, imani au kazi.

Kwa hiyo marekebisho yanawezekana, ila hayaji bure. Mtu mzima anayejifunza kuamini akiwa na miaka arobaini hufanya kwa jasho na machozi kile ambacho mwingine alikipata mgongoni mwa mama yake. Anastahili subira ya walio karibu naye.

Je, hatua hizi ni zilezile kwa wanawake na wanaume, na kwa kila jamii?

Si kwa ukamilifu. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Carol Gilligan alilalamika kwamba nadharia nyingi za ukuaji zilichukua maisha ya mwanamume kuwa kipimo, zikaona kujitenga na wengine ndiko kukomaa. Wanawake wengi, alisema, hujitambua ndani ya mahusiano, kiasi kwamba utambulisho na ukaribu hukua pamoja. Vilevile, katika jamii ambako mtu hujieleza kwanza kwa ukoo wake, swali la “mimi ni nani?” hujibiwa kwa kuuliza “mimi ni wa nani?”, na jibu hilo si dalili ya kutokomaa. Mahitaji ya kuaminiwa, kujiona unaweza, kupendwa na kuacha kitu nyuma yako huonekana kila mahali. Mpangilio wake na njia za kuyatimiza hutofautiana.

Mtu anaweza kuwa katika hatua mbili kwa wakati mmoja?

Ndiyo, na wengi wako hivyo. Mama wa miaka kumi na minane analea huku bado akijitafuta.

Ni wakati gani wa kutafuta msaada wa mtaalamu?

Kwa mtoto mdogo, pale anapopoteza uwezo aliokuwa nao, kama vile kuongea au kutazamana na watu, au asipomkimbilia yeyote anapoumia. Kwa mtoto wa shule na kijana, ni pale huzuni, hasira au kujitenga kunapodumu kwa wiki kadhaa na kuvuruga usingizi, chakula au masomo. Kwa mtu mzima na mzee, dalili ni kukosa hamu ya mambo yote aliyoyapenda, au kujiona mzigo kwa wengine. Na kwa umri wowote, mtu anapozungumzia kujidhuru au kufa, mwamini, usimwache peke yake, na mfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.